Sajini Hakubweka

Katika tafsiri za hadithi na maandishi ya chini ya filamu kuna sentensi inayojirudia: “Tokeni nje!” sajini alibweka. Mwandishi wa Kiingereza aliandika “barked”. Mfasiri akafungua kamusi, akakuta “bark” ni kubweka, akapita. Msomaji wa Kiswahili anapokea tusi ambalo mwandishi hakulitia.

“Bark”, likitumiwa kwa binadamu, linaeleza sauti: fupi, kavu, ya ghafla, yenye nguvu. Daktari anayepigania uhai wa mgonjwa anaweza kuandikiwa neno hilo na heshima yake isipungue hata chembe. Kwetu sivyo. Ukisema mtu anabweka, umesema maneno yake hayana maana na yeye mwenyewe hastahili kujibiwa. “Mwache abweke” ni kauli ya kumshusha mtu, wala haihusiani na ukubwa wa sauti yake. Ndiyo maana naona kubweka kwa binadamu kutumike pale tu mwandishi wa Kiingereza mwenyewe alipokusudia kudharau.

Kwa sajini yule tuna maneno ya kutosha, ila kila moja lina mahali pake. Kama ni amri ya kijeshi, “aliamuru kwa sauti kali” inatosha. Kama ana hasira na anaendelea kusema, alifoka. Kama analaumu kosa, alikaripia. Na kama ni jibu la mara moja, la kumkata mtu kauli, neno ni kung'aka: “Sijui!” aling'aka. Hilo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na “bark”, kwa sababu lina ukali na ghafla kwa pamoja, na wafasiri wengi wanalisahau.

Misemo nayo ina mtego wake. “Bark up the wrong tree” ilianzia Marekani, na katika maandishi inaonekana tangu miaka ya 1830. Chanzo chake ni uwindaji wa rakuni, mnyama mdogo mwenye mkia wa mistari anayekimbilia juu ya mti. Mbwa husimama chini ya mti na kubweka mpaka mwindaji afike. Mara nyingine rakuni ameshavukia mti mwingine, na mbwa wanaendelea kubwekea matawi matupu. Picha ni nzuri, lakini “unabwekea mti usio wake” kwa Kiswahili inamgusa mtu vibaya na haielezi kitu kwa asiyejua uwindaji huo. Sema “hapo umekosea mlango”, na kama ni polisi wanaomwandama asiyehusika, sema wazi kwamba wanamwandama asiyehusika. Vivyo hivyo “his bark is worse than his bite”: mtaani Dar es Salaam watu wana neno tayari, “ana mikwara tu”.

Kwa anayejifunza kuzungumza Kiingereza, kosa linalosikika zaidi ni “the dog barked me”. Linatoka moja kwa moja kwenye sarufi yetu. Sisi tunasema mbwa alinibwekea: yule anayebwekewa yumo ndani ya kitenzi, na kiambishi -e- kinabeba uhusiano wote. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo kazi yake inafanywa na neno la pembeni: “barked at me”. Ukikumbuka kwamba “at” ndiyo ile -e- ya kubwekea, hutalisahau.

Matamshi yanahitaji sikio pia. Wengi wetu hutamka “bark” na “back” sawasawa, “bak”, na hapo msikilizaji hajui kama mbwa anabweka au gari linarudi nyuma. Vuta irabu: baaak. Uingereza, kwa matamshi ya kawaida ya London, r haisikiki, irabu yenyewe ndiyo inayobeba tofauti: ya “bark” ni ndefu na hutamkwa nyuma zaidi kinywani kuliko ya “back”. Marekani r inasikika wazi. Zoezi hilo hilo linatenganisha “parking” na “packing”.

Kuna “bark” nyingine, gome la mti, isiyo na undugu na hii ya mbwa. Ya mbwa ni Kiingereza cha kale, “beorcan”. Ya gome ililetwa na watu wa Skandinavia. Mdalasini ni gome, kwinini ilitolewa kwenye gome la mti, na lubugo, vazi la Waganda, ni gome la mti uitwao mutuba lililopondwa mpaka likawa kitambaa. Kwa hiyo ukisoma kwamba mtu “barked his shin”, usimtafute mbwa: amechubuka ugoko, kama gome linavyobanduka.

Mahali ambapo neno hili linahitaji uangalifu kuliko pote ni karatasi za afya. Kuna ugonjwa wa watoto wadogo ambao Waingereza huuita “croup”. Mara nyingi husababishwa na virusi, njia ya hewa kwenye koo huvimba, na hali huzidi usiku. Dalili yake ni “barking cough”. Ukiandika “mtoto anabweka anapokohoa”, mama anaweza kuona mwanawe ametukanwa. Ukiandika “kikohozi kikali”, umeiondoa dalili yenyewe. Andika anachokisikia: kikohozi kikavu chenye mlio mzito kama wa mbwa anayebweka, pamoja na sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi. Kisha ongeza, kwa maneno yasiyozunguka, kwamba sauti hiyo ya kukwaruza ikisikika hata mtoto akiwa ametulia, apelekwe hospitali usiku huo huo, asisubiri asubuhi.