Kosa si la baridi, ni la tarehe

Jumamosi kwenye arobaini ya mtoto wa rafiki yangu, hapa Leeds, Uingereza, kaka mmoja aliniona nakatakata kachumbari akaniuliza vitunguu nimenunua wapi. Nikamwambia ni vya bustanini kwangu, nilisia mbegu Agosti mwaka jana, vikalala nje msimu mzima wa baridi. Alicheka mpaka soda ikampalia. “Dada, mbegu kwenye barafu? Unatupa hela. Nunua vile vidogo vya dukani, chomeka, basi.”

Huyu ni bwana mwenye mwaka mmoja na nusu kwenye kipande chake cha bustani anachokodi halmashauri. Mwaka mmoja na nusu! Nilinyamaza kwa heshima ya wenye shughuli. Hapa sinyamazi.

Vile vidogo vya dukani, kama gololi, vimeshaishi msimu mmoja. Kitunguu ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza kinajaza tumbo, kikishapigwa na baridi kinajua mwaka umegeuka, kinatafuta kuzaa. Chomeka gololi zako Oktoba uone. Ikifika Mei, baadhi zimeshasimamisha fimbo yenye kichwa cha maua, na katikati ya kitunguu pamekuwa kijiti. Kikaange basi. Tena gololi zinaweza kukuletea ule ugonjwa wa uozo mweupe, ambao ukishaingia udongoni unakaa zaidi ya miaka 10.

Mbegu nayo ina sharti, na sharti lenyewe ni tarehe. Mimi nasia Senshyu, aina ya Kijapani, katikati ya Agosti. Ukiwahi sana, mche unaingia kwenye baridi ukiwa mnene kuliko penseli, nao utachanua vilevile kama gololi. Ukichelewa mpaka mwisho wa Septemba, unaingia mwembamba kama sindano, Januari inaondoka nao. Watu wanakosea wiki mbili tatu hizo, halafu lawama zote kwa nchi ya watu.

Kukosea nakujua, maana mimi nilikosea vibaya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza mbegu za Red Bombay, kwa hamu tu ya vitunguu vya Mang'ola, kule Karatu, Tanzania, nikasia Machi. Mei vikaanza kuvimba vikiwa na majani manne, vikakomaa vidogo kama zabibu. Nikausingizia udongo, nikabeba samadi mpaka mgongo ukaniuma. Kumbe vitunguu vile vimezoea mchana wa saa 12, na hapa katikati ya Mei mchana unapita saa 15. Viliona muda umekwisha, vikafunga kazi. Aina za huku nazo ukizipeleka Karatu zitakuotea majani tu, zikisubiri mchana mrefu usiofika.

Theluji haina neno, ni blanketi. Adui ni jalidi: udongo unaganda, unavimba, unausukuma mche juu. Asubuhi ya Januari nakuta miche imelala, mizizi nje, myeupe kama uzi wa cherehani. Naichomeka upya kwa kidole, mmoja mmoja, kamasi zikinitoka. Mbolea ya kukuzia siigusi mpaka Februari iishe, kwani mche ulionona kabla ya baridi unakuwa laini, na jalidi linapenda vilaini.

Haya, nakubali: havikai. Navuna mwishoni mwa Juni, ikifika Oktoba vilivyobaki vinachipua kapuni. Mwaka juzi njiwa walining'olea mstari mzima. Na gololi ni kazi nyepesi, sibishi. Lakini Juni, waliopanda vitunguu baada ya baridi bado wanaangalia majani, mimi nasuka mafungu.

Yule kaka nimemtumia nusu pakiti kwa posta. Mbegu za mwaka huu, maana za zamani haziamki. Juu ya bahasha nimeandika kwa kalamu nyekundu: 15 Agosti.

Hajajibu.