Ripoti imetoka, isome ukiweza

Kila mwaka ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ikishamfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha ikatua bungeni Dodoma mwezi Aprili, mitandao inachemka wiki nzima. Sawa. Kero yangu mimi ni zile ripoti nyingine, za wizara na taasisi, zinazozinduliwa kwa mbwembwe, utepe umekatwa, picha ya pamoja imepigwa, halafu ukiitafuta unakuta faili limeskaniwa! Yaani mtu kaandika kwenye kompyuta, kachapa, kagonga muhuri, kisha kaskani karatasi moja moja ndiyo akapandisha. Kila ukurasa ni picha tu, kwa hiyo ukitafuta jina la wilaya yako humo ndani, jibu: hakuna. Majedwali yamelala ubavu, 3 na 8 huzitofautishi, na bando ndiyo limeisha hivyo. Kiingereza kurasa kibao, muhtasari wa Kiswahili kurasa mbili, na mmoja (sitanii) ni wa kuwashukuru wafadhili. Halafu kiongozi anasimama jukwaani kulalamika eti Watanzania hatupendi kusoma. Tusome nini, mheshimiwa? Tuwekeeni lile lile faili mlilochapia, basi. Na majedwali yaje kwa Excel.