Mtoto wa Dodoma na Kondoa Irangi Asiyoijua

Mwanafunzi wa sekondari mkoani Dodoma huliandika jina Kondoa Irangi kwenye daftari la Historia, hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha humaliza kidato cha nne bila kukanyaga Kolo, kijiji chenye michoro hiyo ya kale ya miambani. Kolo iko umbali wa kilomita zipatazo 180 kutoka mjini, na lami inafika hadi kijijini. Lakini kikao cha ziara kikiitishwa, majina yanayotajwa ni Mikumi, Ngorongoro, Dar es Salaam na Zanzibar. Ziara ya karibu imepewa sura ya ziara ya wasio na uwezo, na dhana hiyo inawanyima watoto mengi.

Wanaopigania safari ya mbali wana hoja. Mtoto aliyekulia Bahi au Mvumi hajaona bahari, na siku atakayoiona hataisahau. Mzazi naye huchangia kwa moyo zaidi akisikia tembo kuliko akisikia mwamba. Tena tangu mwaka 2024, treni ya SGR (reli ya kisasa) ilipoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, mwendo huo umeshuka hadi chini ya saa nne, bila kupishana na malori usiku. Hilo ni badiliko kubwa, na atakayepinga safari za mbali kwa hoja zilezile za zamani atakuwa hajalitazama.

Ila Mikumi haifikiwi kwa treni kutoka Dodoma, na ziara nyingi za mbali bado ni za basi. Tupige hesabu. Ni takribani kilomita 350 kupitia Morogoro. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50, kwa hiyo wastani wa kweli ni 60 hivi. Hizo ni saa sita kasoro kidogo kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Ongeza kusimama mara moja kila upande: watoto 45 kujisaidia na kunywa chai hakuchukui chini ya nusu saa. Ukiondoka saa 10 alfajiri utaingia hifadhini saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa limeshakolea na wanyama wengi wamejilaza kivulini. Muda mzuri wa kuwaona ni alfajiri na jioni, na saa hizo ndizo watoto wanazozimaliza kwenye viti. Ukikaa saa nne tu, unarudi nyumbani saa tatu usiku. Saa 12 na zaidi za barabara zimenunua saa nne za mchana wa joto, na nusu ya darasa limelala.

Dawa yake ni kulala huko, na shule inayomudu malazi, matroni, patroni na chakula cha siku mbili ifanye hivyo. Isiyomudu hubana yote ndani ya siku moja, na anayeumia zaidi ni dereva. Atakuwa amekaa kazini tangu kabla ya kucha, na kilomita 100 za mwisho ataziendesha gizani. Ajali ya Rhotia, Karatu, ya tarehe 6 Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, ilitokea asubuhi, katika safari ya kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Kila saa ya ziada barabarani ipimwe kwa uzito huo.

Sasa Kolo. Toka saa 12 asubuhi, saa tatu uko kwenye ofisi ya michoro kijijini. Ripoti hapo kwanza, kwa sababu kiongozi wa wageni yuko hapo. Michoro ya Mongomi iko yapata kilomita 9 nje ya barabara kuu, njia ni mbovu, na mwisho wake ni kupanda kwa miguu penye mwinuko mkali. Hapa ndipo shule nyingi hukwama: zimekodi basi kubwa ambalo haliwezi kupita. Chukua kosta mbili zenye chasi ya juu, na siku moja kabla mpigie kiongozi simu umuulize hali ya njia. Kila mtoto abebe lita 2 za maji na kofia, avae viatu vya kufunga. Pandisheni kwa makundi ya watu 15, maana chini ya mwamba hakutoshi wote. Asiguse mtu mchoro, na asimwagie maji ili rangi ing'ae. Maji huacha chumvi juu ya jiwe. Mahali hapo bado panatumika kwa matambiko, kwa hiyo heshima ianze chini ya kilima.

Somo lenyewe? Mpe mwanafunzi penseli, achore umbo moja, alipime, aandike rangi yake, kisha atafute mahali mchoro mweupe umepita juu ya mwekundu. Hapo anajithibitishia kwa macho yake upi ulitangulia, na "chanzo cha historia" kinaacha kuwa sentensi ya kukariri. Mahali hapa UNESCO ilipaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na mtoto wa mkoa huu ndiye mwenyeji wake.

Darasa la tatu litachoka kilimani. Ni kweli, na michoro mingine imefifia. Wadogo wapelekwe kwenye makumbusho ya mawe na madini ya GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, mjini, au kwenye zabibu za Makutupora, ambako pia ndiko viliko visima vinavyoleta sehemu kubwa ya maji ya mji. Kongwa ina historia ya mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951 na ya kambi za wapigania uhuru. Bungeni barua iende mapema, na mfike kabla ya saa tatu asubuhi, kipindi cha maswali kinapoanza.

Kuna na mfuko. Kwa makisio ya lita 1 kwa kilomita 6, kosta ya Mikumi hunywa dizeli lita 117 hivi, ya Kolo 63. Chini ya elimu bila ada mchango wa ziara ni wa hiari, na ukiwa mkubwa huwaacha darasani watoto walewale kila mwaka. Kamati au bodi ya shule ipange ziara ya karibu ambayo darasa zima litakwenda, halafu ile ya baharini iwe ya wahitimu, kwa treni, baada ya kuchanga kidogo kidogo mwaka mzima.

Na tarehe: mvua za Dodoma ni Desemba hadi Aprili. Kolo ipangwe Julai au Agosti, wakati kuna ubaridi na njia ya Mongomi imekauka.