Ufa uzibwe kwa kitu gani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeambiwa tangu utotoni. Methali imenyamaza juu ya jambo moja tu: ufa wenyewe uzibwe kwa kitu gani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kila nyumba inapoanza kumeguka, hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema chokaa, kwa kuwa ndiyo iliyoijenga. Wapo wanaosema saruji, kwa kuwa ipo dukani, inashika kesho, na watu wanataka nyumba ya kuishi, hawataki makumbusho.

Watu wa chokaa wamejitetea vibaya. Tangu mji uingie kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hoja yao imekuwa ikiletwa kwa jina la sura ya mji: milango ya nakshi, rangi ya kuta, picha nzuri. Mpangaji anayelala chini ya dari linalomwaga vumbi akisikia hivyo, anaelewa kwamba anaombwa avumilie shida ili mgeni apige picha. Ana haki ya kukasirika. Lakini wageni wote wakikoma kuja kesho, na orodha ikafutwa, bado chokaa ingekuwa na kesi nzuri kuliko saruji, na kesi hiyo haihusu uzuri hata kidogo.

Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi. Chini yake hakuna zege wala utando wa kuzuia maji. Unyevu wa ardhini unapanda ndani yake kama mafuta ya taa kwenye utambi. Waliojenga walilijua hilo na hawakuhangaika kulizuia. Waliupaka ukuta chokaa, ambayo ina vitundu, ili kilichopanda kitoke kwa jua na upepo. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, umefunga mlango wa kutokea na ule wa kuingilia umeuacha wazi. Maji yakikosa pa kupumulia yanapanda juu zaidi. Chumvi iliyomo inakaukia nyuma ya lipu, inavimba, na lipu inabambuka vipande vipande. Mwenye nyumba anamwita fundi, na fundi anaongeza saruji.

Hayo ya lipu si kitu. Linalonikosesha raha ni vichwa vya boriti. Ghorofa za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wake ndio uliowapimia wazee upana wa vyumba, kiasi cha mita tatu hivi, ndiyo maana kumbi zile ni ndefu na nyembamba kama ushoroba. Juu ya boriti walipanga mawe, kisha sakafu ya chokaa iliyopigiliwa kwa vijiti siku nyingi huku watu wakiimba. Uzito wote huo unaishia mahali pamoja: kwenye kipande cha boriti, shubiri moja au mbili, kilichozama ukutani na hakionekani. Ukuta ukikaa mkavu, kipande kile kinadumu vizazi. Ukuta ukifungwa kwa saruji, kinalala kwenye majimaji mwaka baada ya mwaka, na mchwa wanapenda mti laini. Ukisimama katikati ya chumba ukaigonga boriti, inalia kama mpya. Kichwani imeshakuwa unga. Nyumba inasemekana imechoka kwa uzee, kumbe imeozea shubiri moja, na pale palipozibwa ndipo palipooza.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba maisha ya kisasa ndiyo yanayoua nyumba za kale, nauliza: yapi? Jokofu haliui nyumba. Waya za umeme zikipitishwa vizuri haziui, wala intaneti, wala jiko la gesi. Kinachoua ni maji. Choo cha zamani kiliwekwa pembeni, kikiwa na shimo lake chini, na mtu alioga kwa kata kutoka kwenye birika, yaani tangi la maji la kujengwa. (Kule Lamu walifuga visamaki ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, sijaona kiyoyozi chenye akili hiyo.) Leo bafu linawekwa popote palipo na nafasi, bomba linachimbiwa ndani ya ukuta wa chokaa, na siku likivuja hakuna anayejua mpaka rangi ivimbe. Juu ya paa linapandishwa tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji, uzito wa gari dogo, juu ya boriti zilezile ambazo vichwa vyake hatujavitazama. Kiyoyozi nacho kinadondosha maji yake ukutani usiku kucha.

Sasa upande wa pili, maana anayenunua mfuko wa saruji si mjinga wala si adui wa mji. Nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni wakfu, na nyingine zina warithi waliotawanyika kutoka Mombasa hadi Maskati. Nyumba iliyojengewa familia moja leo ina familia kila chumba. Mpangaji wa chumba kimoja akiwa na fedha za mifuko miwili, atangojea chokaa ilale shimoni ndani ya maji wiki kadhaa mpaka iive, kwa faida ya ukuta usio wake? Mafundi wanaoijua kazi ni wachache na kazi yao ni ya polepole. Hata hoja ya mazingira haina mzaha: tanuri la chokaa linakula kuni na matumbawe, na mikoko haikatwi ovyo tena. Kenya iliposimamisha ukataji wa miti mwaka 2018, wakataji wa boriti wa Lamu nao waliguswa. Anayesema turudi kwenye vifaa vya wazee inambidi aseme vitatoka wapi.

Hizo ni hoja za fedha, muda na umiliki, na nyingi naziona nzito. Hakuna hata moja inayosema kwamba saruji inaufaa ukuta. Wapo wanaochanganya, chokaa yenye saruji kidogo, ili iwahi kushika. Kadiri saruji inavyozidi ndivyo vitundu vinavyoziba, na fundi mwenye haraka mkono wake huwa mzito upande mmoja.

Wala tusidhani wenye fedha ndio waliofaulu. Tazama hoteli iliyorudisha mlango wa nakshi, mabaraza na vidaka vya ukutani, kila kitu kama alivyokiacha babu. Vyumba kumi, bafu kumi, kila moja na maji ya moto, katika nyumba iliyojengwa kwa choo kimoja au viwili. Hiyo ndiyo inayoitwa iliyohifadhiwa, na mama aliyeweka dirisha la alumini ghorofani ndiye anayeitwa mharibifu. Dirisha lake ni baya, nakubali. Halijaozesha boriti.

Wengine watanitajia Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati, watu wawili wakafa. Sitaki kulitumia kama ushahidi wangu. Lile ni jitu la nguzo za chuma na varanda kubwa, lina maradhi yake yenyewe.

Mwenye nyumba ya kawaida ningemwambia hivi: bafu jipya lipande juu ya choo cha zamani, bomba lipite nje ya ukuta upande wa ua linakoonekana, tangi likae chini na pampu ndogo isukume, kiyoyozi kipewe mrija wake. Vichwa vya boriti vifunuliwe na kutazamwa kabla ya rangi yoyote. Hayo yote saruji haihitajiki, na hakuna linalomnyima mtu maji ya kuoga. Lipu ndiyo inabaki, na hapo mpangaji ana haki ya kuuliza anayemkataza saruji amemwekea chokaa wapi. Masika huanza Machi. Chokaa ya kufanyia kazi kabla ya hapo ilitakiwa iwe shimoni tangu vuli.