Jina Likifichwa kwenye Wasifu, Upendeleo Unahamia Wapi?

Nchini Kenya, mara nyingi jina la ukoo humwambia anayechuja maombi ya kazi mwombaji ni wa jamii gani kabla hajasoma alichosomea. Ndiyo maana pendekezo la kuficha majina kwenye wasifu huvutia wengi kila mjadala wa ukabila kazini unapozuka. Naliunga mkono, lakini kwa hatua ya mchujo wa kwanza tu.

Wanaolitetea wana ushahidi mzito. Mwaka 2001 na 2002, wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma takriban wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, Marekani. Sifa zilikuwa zinalingana. Majina yaligawanywa kwa bahati nasibu. Wenye majina yanayohusishwa na Wazungu waliitwa mara moja kwa kila wasifu 10 hivi, na wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi mara moja kwa kila 15. Kwa mwombaji halisi, tofauti hiyo haionekani. Hakuna barua inayomweleza kwa nini hakuitwa, wala hajui kama mwenzake mwenye vyeti vilevile ameitwa.

Wanaolipinga wana Ufaransa. Sheria ya 2006 ilitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zichuje wasifu usio na jina, ila kanuni za kuitekeleza hazikutolewa. Baadaye jaribio likafanywa kwa kampuni zilizokubali kushiriki. Majina yalipoonekana, waombaji wenye asili ya uhamiaji au wakazi wa mitaa duni waliitwa kwenye usaili 1 kati ya 10. Yalipofichwa, 1 kati ya 22. Mwaka 2015 sharti hilo likaondolewa.

Watafiti walitoa maelezo mawili yanayowezekana ya matokeo hayo. Kampuni zilizojitolea zilikuwa na nia njema tangu mwanzo, kwa hiyo kuficha jina kuliwanyima waombaji wale upendeleo uliokuwa ukiwafaa. Pia, anayejua mwombaji ametokea wapi hulitafsiri kwa namna tofauti pengo la mwaka mmoja bila kazi. Asiyejua huona pengo tu. Hoja hii ya pili inatugusa moja kwa moja. Alama ya B- ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kutoka shule ya kutwa yenye uhaba wa walimu wa sayansi haina uzito sawa na B- ya shule yenye maabara kamili, na ukifuta jina la shule umefuta pia jitihada za mwombaji.

Kuna ugumu mwingine, ambao ni wa Kenya hasa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Theluthi haihesabiki bila kuuliza kabila. Njia ni kutenganisha karatasi: kabila, jinsia na ulemavu vijazwe kwenye fomu ya pembeni, iwekwe na mtu asiyekaa kwenye jopo, naye alinganishe idadi baada ya kila hatua. Jamii iliyotoa robo ya waombaji wenye sifa ikikosa hata mmoja kwenye orodha ya usaili, vigezo vichunguzwe kabla ya usaili kuanza.

Kuficha kwenyewe hufanywa vibaya mara nyingi. Jina hufutwa juu ya ukurasa, likabaki kwenye baruapepe, jina la faili na vyeti. Mahali pa kuzaliwa, lugha ya mama, picha na mdhamini ambaye ni mchungaji au imamu wa mtaani hueleza yaleyale. Ni salama zaidi kutopokea wasifu kabisa katika mchujo, bali fomu yenye maswali manne au matano ya kazi yenyewe, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4. Majibu yasahihishwe swali kwa swali, kama mwalimu anayemaliza swali la kwanza la karatasi zote kabla ya kugusa la pili, ili jibu zuri la mwanzo lisimbebe mtu hadi mwisho.

Usaili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Hapo sura, lafudhi na jina vyote viko mezani, na jopo lisilo na maswali yaliyoandikwa huishia kumchagua “atakayeelewana na sisi”. Maswali yawe yaleyale kwa wote, uzito wa kila kigezo uandikwe kabla ya maombi kufunguliwa, kila msaili atoe alama kimya kabla ya mazungumzo, na anayebadilisha alama yake aandike sababu.

Waajiri hulalamika kwamba haya yanachukua muda, na ni kweli. Lakini kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamlinda hata anayeomba kazi, na ubaguzi ukidaiwa, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea. Tanzania nayo, katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inamhesabu mwombaji kama mwajiriwa kwenye suala hili. Mwajiri asiye na karatasi za alama atajitetea kwa kumbukumbu za wasaili tu. Mwombaji anayeshuku alibaguliwa atunze tangazo la kazi, nakala ya maombi na ujumbe wote, na aombe kwa maandishi kuelezwa vigezo vilivyotumika.