Elfu kumi na tano kwa saa: gitaa la mpwa wangu

Mpwa wangu alihamia Dodoma kwa ajili ya kazi kule Mtumba, na hakumaliza miezi mitatu kabla hajanunua gitaa. Alilinunua Kariakoo, akapanda nalo treni ya SGR, akashuka nalo huku amelikumbatia kama mtu anayerudi na bibi harusi. Wiki ya pili akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Kuna mwalimu hapa Ipagala anataka elfu kumi na tano kwa saa. Nilipe, au niendelee na YouTube?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Nimepiga gitaa kwaya tangu ujana, kwa hiyo alidhani jibu ninalo mfukoni. Sikuwa nalo. Mimi mwenyewe sijawahi kulipa senti kujifunza, na mwanangu niliyemlipia hakujifunza kitu.

Tuanze na hela, maana ndiyo iliyomfanya apige simu. Vipindi viwili kwa wiki ni vinane kwa mwezi, yaani 120,000. Kwa kijana aliyepanga chumba na anayepanda daladala kila asubuhi kwenda Mtumba, hiyo ni hela ya kuonekana. Upande wa pili, YouTube nayo si ya bure kama tunavyopenda kusema. Video ya ubora wa kati hula takriban nusu GB kwa saa, na ukijifunza saa moja kila siku unakaribia GB 15 kwa mwezi. Hata hivyo bando bado ni nafuu kuliko mwalimu, hilo halina ubishi.

Na video zina mazuri yake, sitazidharau. Unaweza kuipunguza kasi mpaka nusu na sauti isishuke. Unaweza kurudia sehemu moja mara arobaini saa tano za usiku bila mtu kukukunjia uso. Wapo walimu kama Justin Sandercoe wa Australia aliyepanga masomo ya bure hatua kwa hatua, kwa utaratibu ambao walimu wengi wa mtaani hawana. Kutyuni nako kumekuwa rahisi: unapakua programu kwenye simu, unapiga uzi mmoja mmoja kuanzia ule mnene, E, A, D, G, B, E, na simu inakwambia kaza au legeza. Sisi tulikuwa tunangoja mtu wa kinanda afike ndipo tupate sauti. Kwa kodi nne za mwanzo, yaani G, C, D na Em (hii kodi mwenye nyumba haidai, ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), video inatosha kabisa, na nyimbo nyingi za kusifu Jumapili hazizidi hapo.

Tatizo la video ni kwamba unaiona, yenyewe haikuoni.

Nilipiga gitaa miaka sita nikiwa nimelikamata shingo kwa kiganja chote, kidole gumba kimechungulia upande wa pili, kifundo cha mkono kimekunjika kuelekea ndani. Kodi zilitoka. Watu waliimba. Ila kila wimbo ukivuka dakika tano mkono uliuma mpaka kwenye kiwiko, nami nikaamini ndivyo gitaa lilivyo. Siku moja akaja mzee mgeni kwenye kwaya yetu, akaniangalia kwa dakika mbili, akasema, "Kijana, umeshika jembe hilo." Akanivuta kidole gumba nyuma ya shingo, akanisukuma kiwiko, basi. Hakudai hata soda. Kuiacha ile tabia ya miaka sita kulinichukua miezi mingi, na mpaka leo nikichoka mkono unarudi kwenye jembe.

Lipo jambo la pili ambalo video haitaliona, nalo ni gitaa lenyewe, hasa hapa kwetu. Dar es Salaam hewa ina unyevu mwaka mzima. Dodoma mvua zikikatika mwezi wa nne tunakaa na vumbi na upepo mkavu mpaka karibu mwezi wa kumi na mbili. Mbao hunywea. Ubao wa shingo ukisinyaa, vile vyuma vya kugawanya sauti havisinyai, kwa hiyo ncha zake zinatokeza pembeni na kukukwaruza kiganja kila unapohamisha mkono. Gitaa lenye uso wa mbao halisi, tofauti na mbao za kubandikwa tabaka kwa tabaka, uso huo hushuka kidogo na nyuzi kuanza kunguruma. Mtu aliyeanza juzi hatajua kwamba ni hali ya hewa. Atadhani ni yeye.

Baya zaidi ni lile kosa ambalo magitaa mengi ya bei nafuu hutoka nalo kiwandani: kile kipande cheupe kule juu ya shingo, nyuzi zinapopita kwenye mifereji, hakikuchongwa vya kutosha. Nyuzi zinakaa juu mno pale mwanzoni, na hapo mwanzoni ndipo inapopigwa kodi ya F, unapolaza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote sita. F ndiyo kaburi la wanaoanza. Wengi wanaoliegesha gitaa nyuma ya kabati waliliegesha kwa sababu yake, wakisema vidole vyao ni vidogo au wameanza ukubwani. Kumbe kuna jaribio la nusu dakika: funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye chumba cha kwanza cha shingo, yaani nafasi kabla ya chuma cha kwanza, kisha upige umbo lilelile chumba cha pili. Likiwa jepesi ghafla, kosa ni la mfereji, na fundi mwenye tupa nyembamba analimaliza mchana mmoja. Mwalimu mzoefu analiona hilo kabla hujakaa sawasawa. Ukigawa 15,000 kwa miezi ambayo mtu angejilaumu bure, hiyo saa imekuwa rahisi.

Watakuja wale wa kusema magwiji hawakulipa ada. Hoja hii naisikia kila mara, na ina ukweli nusu. Franco wa Kongo alianza na gitaa la kujitengenezea huku mama yake akiuza mandazi sokoni. Sawa. Lakini aliyemwonyesha vidole vinakaa wapi ni Ebengo Dewayon, mpigaji aliyemtangulia. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, hawana ada ya ilimba wala ya zeze, mtoto hukaa karibu na mkubwa anayepiga. Mwanamuziki wao Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuzipeleka ala hizo mpaka majukwaa ya Ulaya, alitokea kwenye mazingira hayo ya muziki wa nyumbani. Kukosa ada hakukuwa kukosa mwalimu. Aliyekuwepo hakudai hela, alidai muda: ukae, uangalie, utumwe maji, ukosolewe mbele ya watu. Mpwa wangu anaishi peke yake kwenye chumba Nzuguni na anatoka kazini saa kumi na moja. Nani atamkosoa?

Kwaya ingeweza. Nilimshauri hivyo, akacheka, akasema kwaya ya kwao wapiga gitaa ni watatu na wanagombania spika moja.

Sasa niseme na ubaya wa kulipa, maana nimeuonja. Hapa mtaani hakuna mtihani unaomfanya mtu aitwe mwalimu wa gitaa. Anayepiga solo vizuri Jumapili, Jumatatu anaweza kubandika karatasi mlangoni. Kupiga na kufundisha ni kazi mbili. Mwanangu nilimlipia mwezi mzima, hela yote mkononi, kwa kijana mmoja mwenye vidole vya ajabu. Nilipokwenda kuchungulia siku ya nne nilikuta kijana anapiga, mwanangu amekaa ameshika tama. Alikuwa anatumbuizwa kwa hela yangu. Baada ya hapo zikaanza sababu: leo kuna mazoezi, kesho kuna harusi Kondoa. Hela iliyokwisha kulipwa haimwamshi mtu asubuhi.

Na hata mwalimu awe bora namna gani, yuko nawe saa mbili kwa wiki. Ncha za vidole haziwi ngumu kwa saa mbili. Zinahitaji dakika ishirini kila siku, wiki tatu au nne za maumivu, na hapo mwalimu hana msaada wowote. Asiyegusa gitaa kati ya kipindi na kipindi analipa ili afundishwe somo lilelile upya.

Kwa hiyo jibu nililompa mpwa halikuwa ndiyo wala hapana. Nilimwambia asilipe mwezi, alipe vipindi vinne, kimoja kimoja, na asivifuatanishe. Cha kwanza sasa hivi, kabla mkono haujazoea vibaya, na aende na gitaa lake mwenyewe likaguliwe. Cha pili baada ya wiki mbili. Viwili avitunze mpaka atakapofika F na zile nyimbo za mtindo wa rumba, ambapo mkono wa kulia ndio wenye kazi na video nyingi za ughaibuni hazifundishi huo mchezo. Jumla 60,000. Katikati ya vipindi, YouTube na bando lake. Kipindi cha kwanza kikiisha, ajiulize gitaa lilikaa mapajani mwa nani muda mrefu zaidi. Kama ni kwa mwalimu, asirudi.

Angekuwa mtu wa aina nyingine ningemjibu vingine. Wapo wanaojijua kwamba bila miadi hawafanyi kitu. Hao walipe kila wiki, wananunua miadi na si haba. Kwa mtoto wa miaka tisa nisingefikiria video hata kidogo.

Alikwenda. Mwalimu alilipindua gitaa, akaangalia shingo kama mtu anayekagua panga, akamwelekeza kwa fundi kabla ya kumfundisha kodi hata moja, kisha akapokea 15,000 zake. Mpwa alinipigia amekasirika kidogo: amelipa, hajapiga chochote. Jumamosi hii akanitumia sauti kwenye WhatsApp. F imetoka, isipokuwa uzi wa pili bado umekufa. Nimemwambia akisogeze kidole cha kwanza karibu zaidi na chuma, na asinitumie nyingine mpaka Alhamisi.