Kabla ya kumzomea daktari aliyesema hapana

Kila mara nyota wa Marekani anaposimamishwa kwa sababu ya donge la damu, sisi mashabiki wa Nairobi hukumu yetu huwa tayari. Jamaa anatembea, anakimbia, picha za mazoezi tumeziona, halafu daktari anasema hachezi. Basi daktari ni mwoga, au timu inaogopa kushtakiwa. Tulisema hivyo mwaka 2016 kuhusu Chris Bosh wa Miami Heat. Tukarudia mwaka 2025, Victor Wembanyama na Damian Lillard walipowekwa kando wakiwa wamepishana wiki chache tu.

Huo ni mpira wa vikapu. Nadhani swali linakuwa gumu zaidi kwenye magongo ya barafuni, mchezo ambao kwetu una watu wachache: uwanja mdogo wa Hoteli ya Panari pale Mombasa Road, na Ice Lions, timu ambayo nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, walijiunga nayo uwanjani kule Kanada mwaka 2018. Crosby huyo kwa miaka mingi alishambulia pamoja na Pascal Dupuis katika Pittsburgh Penguins, na kisa cha Dupuis ndicho kinachonifanya nisikimbilie kumlaumu daktari.

Dupuis aliumia goti Desemba 2013. Akapasuliwa, na baada ya upasuaji damu ikaganda. Akatibiwa, akarudi. Novemba 2014 madaktari wakakuta donge kwenye pafu lake, akakaa nje karibu mwaka mzima, akarudi tena. Mnamo Desemba 8, 2015, akiwa na miaka 36, akatangaza kwamba haendelei. Miezi sita baadaye Penguins wakatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, naye akateremka barafuni amevaa jezi kulibeba pamoja na wenzake.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba damu iliyoganda ndiyo iliyommaliza. Lakini donge lenyewe, likigunduliwa mapema, mara nyingi mwili hulimeng'enya polepole. Dawa haziliyeyushi, kazi yake ni kulizuia lisikue na kuzuia jingine lisitokee, na kwa kawaida hutumiwa kwa miezi mitatu au zaidi. Hizo dawa ndizo zinazomtoa mtu barafuni. Anayemeza warfarin au rivaroxaban akigongwa kichwa, kimshipa kilichopasuka ndani ya fuvu, ambacho kwa mwingine kingejiziba, huendelea kuvuja. Nje halionekani jeraha. Mchezaji anaweza kuinuka, akapangusa barafu kwenye kaptula, akamaliza kipindi, na usiku akaanza kutapika. Na huu ni mchezo ambao kanuni zenyewe zinaruhusu kumgonga mwenye kisahani cha kuchezea kwa bega hadi ukutani, na kisahani hicho cha raba ngumu chenye gramu 170 hupigwa kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 160 kwa saa.

Kwa hiyo daktari anapokataa, hapingi ushahidi wa macho yetu kwamba kijana amepona. Anajua amepona. Anachosema ni kwamba akiwa kwenye dawa hawezi kugongana, na akiacha dawa ili agongane, damu inaweza kuganda tena. Hapo kati ndipo penye ubishi wote.

Inaweza kuganda tena kwa kiasi gani? Kuna takwimu ambayo kila nikiisoma inanirudisha mezani. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulikusanya tafiti za watu waliopata donge bila sababu iliyo wazi, wakatibiwa, kisha wakaacha dawa. Kati ya 100, takriban 10 walipata donge jingine ndani ya mwaka wa kwanza. Kufikia mwaka wa tano walikuwa 25, na kufikia mwaka wa kumi, 36. Waliopatwa tena, takriban asilimia 4 walifariki.

Mtetezi wa mchezaji ataikimbilia takwimu hii kwa furaha, na ana haki. Piga hesabu: kati ya watu 1,000, mwaka wa kwanza donge linawarudia 100, na kati ya hao wanakufa 4. Wanne kwa elfu. Kijana wa miaka 26 anayepewa mkataba wa mamilioni ya dola atakuambia hatari hiyo anaichukua asubuhi bila kumaliza chai.

Mimi naona hesabu hiyo inaishia mapema mno. Mwaka wa kwanza ni mmoja tu, na anayeanza tena akiwa na miaka 26 anatarajia kucheza karibu kumi. Njia hiyo inaelekea kwenye ile 36, yaani zaidi ya mmoja kati ya watatu. Halafu wastani huo ni wa watu wa kawaida. Mchezaji wa ligi ya NHL hucheza mechi zaidi ya 80 za msimu wa kawaida na hupanda ndege usiku kati ya miji. Huvunjika mifupa, hufungwa plasta, hupasuliwa goti. Kukaa bila kusogeza miguu, majeraha na upasuaji ni mambo yale yale ambayo vitabu vya tiba huyataja kama vyanzo vya damu kuganda. Sioni kwa nini wastani wa karani au mwalimu uwe wake. Tena kifo si hasara pekee. Wapo wanaobaki na mguu unaovimba kila jioni maisha yao yote, na wapo ambao mishipa ya mapafu huziba kiasi cha kuufanya moyo ufanye kazi kwa taabu.

Upande wa pili una watu wake, na si wa kubeza. Tomáš Fleischmann alipatikana na madonge mapafuni Januari 2011 akiwa Colorado. Msimu uliofuata, akiwa Florida Panthers, alicheza mechi zote 82 na kufunga mabao 27. Kimmo Timonen, beki kutoka Ufini, alipatwa Agosti 2014 akiwa na miaka 39, miguuni na mapafuni. Wengi tulidhani ndiyo basi, naye Juni 2015 akabeba Kombe la Stanley na Chicago kisha akastaafu kwa hiari yake. Steven Stamkos wa Tampa Bay alipasuliwa kwa ajili ya donge la damu Aprili 4, 2016, na Mei 26 alikuwa barafuni katika mechi ya saba dhidi ya Penguins. Kipa wao, Andrei Vasilevskiy, alipasuliwa kwa tatizo la namna hiyo mwaka 2015. Wote wawili walikuja kutwaa ubingwa mwaka 2020 na 2021.

Ukiuliza kisayansi, kuna pia njia ya katikati ambayo baadhi ya wataalamu wa damu wameipendekeza: kwa kuwa dawa mpya kama apixaban hupungua mwilini ndani ya saa chache, mchezaji aruke dozi kabla ya mechi na kuirudia baadaye. Ni wazo la busara kwa mchezaji wa tenisi. Kwa mtu mwenye mechi tatu au nne kwa wiki na mazoezi ya kugongana katikati, sijui saa za kumeza dawa zinabaki ngapi. Na mshipa uliopasuka alasiri hauna habari kwamba dozi ya usiku imefika.

Lakini tazama hao waliofaulu. Stamkos na Vasilevskiy donge lao lilikuwa karibu na mtulinga, pale ambapo mshipa unaotoka mkononi hupita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Kwa wanamichezo wanaonyanyua mikono sana nafasi hiyo hubana, mshipa ukasuguliwa, damu ikaganda. Sababu inaonekana, na mpasuaji anaweza kuiondoa. Donge la Dupuis lililokuja pafuni baada ya matibabu ni ugonjwa mwingine kabisa. Sisi mashabiki tunawaita wote "wa damu kuganda", tunamtaja Stamkos kumsuta daktari wa Dupuis, na tunadhani tumeshinda ubishi.

Hoja ya mchezaji ninayoiheshimu zaidi haihusu tiba. Inahusu nani anaamua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mwili ni wake, na miaka inayopotea ni yake. Bosh aliamini anaweza kucheza, akaleta madaktari wake, na timu ikakataa. Na hapa shaka ya mashabiki ina mashiko, kwa sababu kanuni za NBA ziliipa timu nafuu: mchezaji akithibitishwa kwamba ugonjwa umemmaliza, mshahara wake unaondolewa kwenye ukomo wa matumizi ya timu kwa mishahara. Daktari anayelipwa na timu yenye maslahi hayo hata akiwa mwadilifu atashukiwa. Ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana katika mkataba ulioanza 2017 kwamba kesi za namna hii ziende kwa jopo la madaktari wasio wa timu. Huo ndio utaratibu ninaouunga mkono, ila tusijidanganye: jopo huru nalo litasema hapana mara nyingi, kwa sababu litasoma takwimu zile zile.

Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la magongo ya barafuni mwaka 2024, na magongo ya nyasi City Park yana historia ndefu kuliko wengi wetu. Mchezaji wa Nairobi hana mkataba wa kuliliwa. Analipa nauli yake kwenda mazoezini. Anayetaka mchezaji aachiwe uamuzi wote aje aone hapa, maana uhuru huo tunao tele. Hakuna daktari wa timu wa kumzuia. Warfarin ni ya bei nafuu lakini inadai kupimwa damu mara kwa mara ili dozi isizidi wala kupungua, jambo ambalo hospitali ya Moi kule Eldoret imelijengea kliniki inayoendeshwa na wafamasia. Dawa mpya hazihitaji vipimo hivyo, ila zinamaliza pochi. Kijana akijisikia mzima, kishawishi cha kuziacha na kurudi uwanjani ni kikubwa, na kocha asiyeambiwa kitu atampanga.

Klabu zetu hazina uwezo wa kuunda jopo. Zina uwezo wa kuweka maswali mawili kwenye fomu ya usajili, umewahi kuganda damu na unatumia dawa gani, na sharti kwamba aliyejibu ndiyo alete barua inayoeleza donge lilitokana na nini. Kocha akishapata jibu hilo, ndipo aulize anarudi lini.